D Yangu Ilitosha: Sehemu ya Sita

Wiki jana niliwaacha nimekaa kwenye kibanda changu cha mandazi pale Homa Bay, gazeti mapajani, nikilia kwa sababu ya mstari mmoja wa tangazo la serikali. Mteja aliyekuja kutaka mandazi alidhani nimefiwa. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nipe mkono twende pamoja, sitakuacha nyuma.

Naitwa Mellen Nyanchama. Nilizaliwa Uriri, kwa wafanyabiashara Wakisii waliohamia Migori zamani, Waadventista wa kwenda kanisani hata mvua inyeshe mawe. Kidato cha nne nilipata D. Usiniulize ya kujumlisha au ya kutoa. D kavu.

Siku Wesley aliponipeleka kwao Homa Bay kunionyesha kwa mama yake, tulikaa mezani, na mama akauliza kama mchumba amesoma. Wesley akajibu kabla sijameza tonge, "Huyu nyar Kisii ana B, Mama." Nyar kwa Kijaluo ni binti.

Mpaka leo Wesley husema ulimi uliteleza. Mimi nasema alikuwa akijigamba. Lakini ulimi wake haukuwa wa kwangu, nami ningeweza kusema, "Hapana, Mama, ni D." Niliinamia sahani nikanyamaza.

Mama mkwe wangu anaitwa Filister. Hajui kusoma. Alifurahi mpaka akasimama akanishika mashavu, na wiki iliyofuata akaomba akione hicho cheti kwa macho yake. Ndipo nikaenda kwa Maranga, jamaa wa saiba, duka la kompyuta mjini Migori, akanichapia cheti chenye jina langu, namba yangu ya mtihani, mwaka wangu, na B ambayo haikuwa yangu. Hayo niliyaungama sehemu ya pili, na barua zenu za kunitukana nilizisoma zote.

Nilidhani Mama atakitazama kisha anirudishie. Alikipeleka kwa fundi kikatiwa fremu na kioo, akakitundika sebuleni juu ya picha ya marehemu mumewe, Mzee Boaz. Kila Ijumaa kabla ya Sabato anakipangusa vumbi. Miaka mitano sasa.

Haya. Tumefika kwenye tangazo.

Serikali ilikuwa ikitafuta wasaidizi wa ofisi katika kaunti ndogo. Mstari ulionitoa machozi ulisema hivi: mwenye D na kuendelea anaruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia, na mtihani wenyewe ndio utakaoamua. Umri usizidi miaka ishirini na minane. Kila mtu aende kaunti ndogo iliyo kwenye kitambulisho chake, na cheti chake halisi mkononi.

Kitambulisho changu ni cha Uriri. Miaka ishirini na minane nilikuwa naitimiza baada ya miezi miwili. Na D ninayo, ya kwangu mwenyewe, niliyoitolea jasho na aibu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kuna mtu alikuwa anaitaka.

Nilimpigia Wesley. Alikuwa kisiwani Mfangano, ambako hununua samaki na kukaa wiki mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani. Mtandao wa huko ukikubali kusikia jambo moja, la pili unalikataa.

"Hiyo ni bahati, Mellen! Enda na D yako kimya kimya."

"Na Mama je?"

"Mama atajulia wapi? Mtihani ni Uriri, yeye ako Homa Bay."

"Tumwambie ukweli, Wesley. Mimi nimechoka."

"Na ile presha yake? Unataka kuniulia mama? Pata kazi kwanza. Ukishapata, tutamwambia polepole."

Polepole ya Wesley ilikuwa na miaka mitano, na haijawahi kutoka hata mlangoni.

Nikamwambia Mama kwamba naenda Uriri kufanya mtihani wa kazi ya serikali. Sikusema uongo, ila nilisema nusu. Yeye nusu ile aliijaza mwenyewe. Sabato iliyofuata, wakati wa maombi maalum, alisimama kanisani na kilemba chake cheupe.

"Ndugu zangu, mnisaidie kuombea huyu mtoto yangu. Serikali imesikia habari ya ile B yake, sasa inamuita."

Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ya kanisa letu ni ya saruji, haimezi mtu.

Mtaniuliza mbona sikusimama nikasema. Nitawajibu, kwa sababu hamjawahi kupendwa kwa kitu ambacho si chenu. Yule mama hakunipenda nusunusu. Nilipoharibikiwa na mimba mara mbili, ndugu za Wesley wakaanza maneno, ni yeye aliyewafukuza sebuleni. "Huyu ana akili ya B," aliwaambia, "mtoto atakuja." Nilihofia kwamba siku nikiivua ile B, nitabaki uchi mbele yao, na hakuna atakayenifunika.

Basi nikaondoka Jumanne. Mama alinifungia njugu kwenye karatasi, akanisindikiza mpaka barabarani akiimba.

*

Cheti changu cha kweli kilikuwa Uriri, ndani ya sanduku la mamangu mzazi, chini ya vitenge. Nilikitoa nikakitazama. Kilikuwa safi kabisa, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kuomba kukiona.

Jumatano asubuhi tulipanga foleni kwenye ukumbi wa shule. Mbele yangu watu wawili, nani akageuka? Mourine. Tulikalia dawati moja tangu kidato cha kwanza.

"Mellen! Wewe pia? Si tulipata D pamoja, mama!" Alisema hivyo kwa sauti ya kuuzia nyanya, tena akanikumbatia.

Niliangalia huku na huku. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyecheka. Watu wote mle walikuwa na D zao na D za kujumlisha. Nikajisikia kucheka, na nikacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka vile nikiwa Homa Bay.

Msimamizi wa zoezi alikuwa Bwana Nchagwa, mtu mrefu wa sauti ya chini, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Alichukua cheti changu, akakitazama, akanitazama.

"D."

"Ndiyo, Bwana."

"Inatosha. Ingia ndani."

Neno lile, inatosha, sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kuhusu D yangu. Nilikaa kwenye dawati nikashindwa kuandika jina kwa dakika nzima kwa sababu karatasi ilikuwa inacheza machoni.

Sasa niwaungamie jambo la ajabu. Ule mtihani haukunitisha. Kwa miaka mitano nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kanisa, kwa nguvu ya B ya uongo. Barua za kikundi niliandika mimi. Hesabu za kikundi nilipiga mimi. Mwanzoni sikujua, basi nikanunua vitabu kuukuu sokoni, nikajifungia chumbani kama mwizi, nikasoma ili nisishikwe. Uongo ulinisomesha kuliko shule. Swali baada ya swali, nilikuwa nikijiambia, hili nalijua, na hili nalijua.

Alhamisi alasiri majina yalibandikwa ukutani. Watu mia mbili na themanini walifanya. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Mourine alitafuta kutoka chini akapanda, mimi nilitafuta kutoka chini pia, maana ndiko nilikozoea kukaa.

"Mellen," akasema Mourine, "angalia juu."

Nilikuwa wa pili.

Mourine hakuwemo. Alinishika mkono akanibana, akasema anafurahi kwa ajili yangu, na naamini alifurahi. Kisha akaenda zake, nami nikampigia Mama Homa Bay kabla sijampigia hata Wesley.

"Mama, nimepita! Nimekuwa wa pili!"

"Yawa! Nilijua! B haiwezi anguka!"

Nilimsikia akipiga magoti. Akaomba kwa Kijaluo, haraka haraka, mpaka nikalia tena. Na katika kulia huko, mdomo wangu ukafanya kosa ambalo nitalijutia mpaka nizikwe.

"Kesho ndiyo wanakagua vyeti mara ya mwisho, Mama, halafu napewa barua ya kazi."

Nikamsikia akiinuka.

"Vyeti?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Ni kutazama tu."

"Sawa, nyathina, mtoto yangu," akasema taratibu. "Sawa. Lala mapema."

Niliona amechoka kwa furaha. Sikuona alichokuwa akikiona yeye wakati ule, maana yeye alikuwa amesimama sebuleni kwake, akitazama cheti changu kikiwa kimetulia ndani ya fremu, siku moja kabla ya serikali kukitaka.

*

Ijumaa tuliamriwa kuacha simu langoni. Yangu ilibaki kwenye ndoo ya mlinzi pamoja na nyingine kumi na moja. Baadaye nilikuja kukuta Mama alikuwa amenipigia mara tisa.

Tuliitwa mmoja mmoja kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Ndani alikuwa Bwana Nchagwa mezani, na pembeni Koplo Priscilla, polisi wa kike aliyekuja kulinda zoezi, akinywa chai.

Bwana Nchagwa alikishika cheti changu kwenye mwanga, akalinganisha namba na orodha yake, akagonga muhuri. Kisha akanipa fomu. Palikuwa na mstari uliosema: nathibitisha kwamba hiki ndicho cheti changu cha pekee cha kidato cha nne. Nikatia sahihi. Sikusita, kwa maana kwangu mimi ilikuwa kweli. Ile ya ukutani sikuwahi kuihesabu kuwa cheti. Ilikuwa pambo la nyumba ya Mama.

"Kaa hapo nje usubiri barua," akasema. "Karibu serikalini, Nyanchama."

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno. Nitarudi Homa Bay Jumapili, nitapiga magoti, nitamwambia Mama kwamba nilikuwa na D, na hiyo D imenipa kazi. Atanisamehe. Mtu mwenye kazi husamehewa haraka.

Ndipo nikasikia sauti langoni.

"Mimi ni mama yake! Wacha nipite! Mtoto yangu amesahau cheti!"

Mama Filister alikuwa anakuja uwanjani mbio mbio, viatu vya kanisani miguuni, jasho usoni, na kifuani amekumbatia kitu cha mraba kilichofungwa kwa leso. Alikuwa ametoka Homa Bay alfajiri.

"Nyar Kisii!" akaita. "Wewe ni mtu gani? Unaenda kwa serikali mikono mitupu? Mimi nakupigia simu, nakupigia, kumbe cheti iko kwa ukuta inaniangalia tu!"

Wenzangu kwenye benchi walicheka kwa upendo. Mmoja alisema laiti angekuwa na mama mkwe kama huyo. Mimi nilisimama nikamshika mkono.

"Mama, twende nje kidogo."

"Nje kufanya nini? Nimefika!"

"Mama, tafadhali. Wameshamaliza na mimi."

"Wamemaliza namna gani na cheti iko hapa?"

Mlango wa ofisi ukafunguka. Bwana Nchagwa alikuwa anatabasamu. "Kuna nini, Mama?"

"Ofisa, samahani sana. Huyu ni mke wa kijana yangu. Alisahau cheti yake, nimemletea. Msimfukuze."

"Cheti gani?"

"Ya kidato ya nne!"

Bwana Nchagwa alinitazama. Mimi niliitazama miguu yangu. Lile tabasamu lilikaa usoni mwake kidogo, halafu likaondoka.

"Ingieni ndani," akasema. "Wote wawili."

*

Mama alifungua leso mwenyewe, polepole, akaiweka fremu juu ya meza na kupangusa kioo kwa kiwiko. Bwana Nchagwa aliinama. Alilitazama jina. Akaitazama namba. Akakivuta cheti changu cha D kutoka kwenye faili, akakilaza kando ya fremu.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Iko kwa ukuta miaka tano."

"Na ni ya kweli?"

Mama alichukia. Aliona kijana wa serikali anataka kumnyima mkwe wake haki. Na mama yule, akitaka kutetea mtu, haangalii nyuma.

"Ya kweli kabisa! Mimi mwenyewe niliendea hiyo cheti shuleni! Mwalimu alinipatia mkononi!"

Nilifumba macho. Hakuwahi kuiona shule yangu hata paa lake.

"Una uhakika, Mama?"

"Adier! Naapa mbele ya Mungu!"

Bwana Nchagwa alimwambia Koplo Priscilla ayaandike hayo. Koplo aliweka chai chini, akaandika, akamsomea. Mama akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Akapewa wino, akabonyeza kidole gumba chake kwenye karatasi kwa heshima, kisha akanitazama na kunikonyeza, kana kwamba anasema, umeona? Nimekusaidia.

Nilikuwa wapi mimi wakati huo? Nilikuwa nimesimama palepale, hatua mbili kutoka kwake. Niliweza kuushika ule mkono kabla haujafika kwenye karatasi. Sikuushika. Nilinyamaza kama nilivyonyamaza mbele ya ile sahani ya ugali, na nawaambieni, huo ndio ugonjwa wangu. Wengine hulewa, mimi hunyamaza.

Bwana Nchagwa alivua miwani.

"Mama, nisikilize vizuri. Huyu binti alikuja hapa na cheti cha D. Tumekagua, ni cha kweli, na hiyo D inatosha kwa kazi hii. Hii yako ya B imetengenezwa. Ni ya bandia."

"Bandia?"

"Ya uongo, Mama. Si cheti."

Mama alicheka kidogo. Kisha akaacha. Alitazama fremu, akatazama ile karatasi nyingine isiyo na fremu, akanigeukia.

"Nyar Kisii. Anasema nini huyu?"

Bwana Nchagwa alikuja akasimama kati yetu, akaniangalia mimi peke yangu, na sauti yake ikawa laini. Nadhani alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Nyanchama, nitakuuliza mara moja tu. Wewe umeandika hapa kwamba una cheti kimoja. Umefanya mtihani vizuri kuliko watu mia mbili. D yako inatosha, hukuwa na haja ya kutengeneza kitu. Aliyeleta karatasi ya bandia ni huyu mama, na amekiri kwa kidole chake kwamba aliichukua mwenyewe. Sasa sema. Hii karatasi unaijua, au huijui?"

Nielezeni ninyi mngefanya nini.

Nikisema naijua, basi nimetia sahihi uongo mbele ya ofisa, na nimetumia bandia miaka mitano. Kazi imekwenda, na miezi miwili baadaye umri umepita, hakuna mtihani mwingine wa kunitaka mimi na D yangu. Maranga anakamatwa. Wesley, aliyejua yote, anakamatwa. Mimi nakwenda jela.

Nikisema siijui, kuna mtu mmoja tu chumbani mle wa kuibeba.

Niliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na bado sikuona pa kutokea. Nikamwangalia Mama. Kilemba chake kilikuwa kimelegea upande mmoja kwa ajili ya safari. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinisubiri tu niseme, kama anavyosubiri kila siku nimsomee barua, akiwa na hakika kwamba nitakachosema ndicho kilichoandikwa.

"Siijui," nikasema.

"Sema tena, Koplo aandike."

"Siijui hiyo karatasi."

Hapo nimeungama. Nimeandika sehemu tano nikizunguka zunguka ili nisifike hapa. Mnaweza kulichana gazeti sasa hivi mkitaka, sitawalaumu.

Nilisubiri Mama apige kelele. Nilisubiri aseme, mwongo wewe, ni wewe uliyeniletea kwa mikono yako miwili. Nilitaka aseme, wallahi nilitaka, ili niokolewe kutoka kwa maneno yangu mwenyewe.

Mama alifunga leso yake vizuri. Akakirekebisha kilemba. Akakaa wima kwenye kiti.

"Anasema ukweli," akamwambia Bwana Nchagwa. "Haijui. Ni mimi nilitengenezesha."

"Mama!" nikasema.

"Nyamaza, nyathina. Watu wazima wanaongea."

"Wewe hujui kusoma, Mama," akasema Bwana Nchagwa. "Ulitengenezesha vipi?"

"Kutengenezesha si kusoma. Nilitaka watu wa nyumbani kwangu waache kumdharau. Nikatafuta mtu, akanifanyia."

"Mtu gani?"

"Nimesahau."

"Mama, hili ni kosa kubwa. Unajua?"

"Sasa najua. Umeniambia."

Koplo Priscilla alisimama. Hakumfunga pingu, alimshika kiwiko tu. Mama alitazama dirishani jua lilikofika.

"Leo ni Ijumaa," akasema, kana kwamba anakumbusha watu wa nyumbani kuteka maji mapema. "Kwa hivyo Sabato nitakuwa kwenu."

"Utakuwa kituoni, Mama," akajibu Koplo. "Jumatatu asubuhi utapelekwa kortini Migori."

Wakati huohuo Bwana Nchagwa alifungua droo, akatoa bahasha ya kaki yenye jina langu. Ilikuwa barua ya kazi. Ile niliyolia kwa ajili yake nikiwa na gazeti mapajani. Aliiweka mezani, lakini hakuondoa mkono juu yake.

"Unatakiwa kuripoti Jumatatu, Nyanchama. Ila Jumatatu hutakuja ofisini kwanza, utapitia kortini. Cheti kimeghushiwa jina lako na namba yako, kwa hivyo wewe ndiye shahidi wa serikali. Utasema mbele ya hakimu haya uliyotuambia hapa."

Akanisukumia karatasi nyingine. Ilikuwa taarifa yangu, mistari miwili tu. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Ukitia sahihi hapa, unachukua barua yako unakwenda."

Nilishika kalamu. Nilisema, au nilidhani nimesema, "Ngoja kwanza, Bwana, kuna kitu." Sauti haikutoka.

Mama alikuwa amefika mlangoni na Koplo. Akasimama. Akageuka akaniona nimekwama, kalamu hewani, na uso wake ukawa ule wa kila siku, wa kunifukuzia maadui sebuleni.

"Weka sahihi, nyathina," akasema. "Usiogope. Usipoweka, utapoteza kazi."